Bomba Lililokwepa Kaburi

Mama hapigi simu. Mama anabipu, kisha anakaa akisubiri umpigie, na usipompigia upesi anakununia wiki nzima. Kwa hiyo asubuhi ile simu ilipoita mfukoni mwangu, ikaendelea kuita bila kukatika, nilijua kuna jambo. Nilikuwa ndani ya mtaro nyuma ya gesti moja ya Mikumi, gundi imenikaukia vidoleni, kipande cha bomba la inchi nne kimelala mapajani. Nilipokea kwa kidole gumba.

"Mwanangu," alisema, "choo kimekataa. Maji yanarudi ndani."

"Yamefika wapi?"

"Yamefika chini ya kitanda."

Nikamuuliza mguu uko wapi. Akasema mguu uko juu ya kigoda na ameufunga mfuko wa plastiki. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba ameanua nguo kabla ya mvua. Mimi niliweka bomba chini.

Mama ana kisukari. Kidonda chake kilikuwa kwenye unyayo wa kushoto, kilianza na kijiwe kilichokaa ndani ya kandambili siku nzima bila yeye kukisikia. Alilazwa wiki nyingi. Siku ya mwisho daktari aliniita pembeni, akaniambia maneno machache kabisa: kidonda hiki kikikaa kikavu na kisafi, mguu utabaki, kikiingia uchafu, tutaukata. Hakumwambia mama, aliniambia mimi. Toka siku hiyo ule mguu ukawa wangu.

Choo cha nyumbani kwetu Kilosa kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa, mbali nyuma ya jiko. Mtu mwenye kidonda cha unyayo hachuchumai. Nikasema nitamjengea choo cha kukaa, ndani, mlango unaotazamana na wa chumba chake. Kazi yangu ni hiyo. Nimesomea ufundi bomba, nimelaza mabomba ya maji taka kwenye magesti mengi ya Mikumi kuliko fundi mwanamume yeyote ninayemfahamu, na madereva wa malori wanaonicheka nikiwa mtaroni na suruali yangu ndio haohao wanaooga kwenye mabafu niliyoyaunga. Kumjengea mama yangu choo kimoja kulinishinda nini?

Kulaza bomba la maji taka si jambo la ajabu. Unatoka chooni, unateremka kidogo kidogo hadi kwenye karo, yaani shimo la kupokea uchafu. Ukinyoosha, uchafu unakwenda wenyewe. Ukipinda, weka chemba, kisanduku cha zege chenye mfuniko, ili siku likiziba ufungue uzibue. Kwetu mstari ulionyooka kutoka chooni hadi kwenye karo ulipita hatua mbili kutoka kaburi la baba.

Baba amezikwa nyuma ya nyumba, kama alivyousia. Siku ya maziko mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, kaburi nililiona baadaye likiwa tayari tuta. Mama alipanda mwarobaini kichwani pake ili pasipotee. Nilipoanza kupima kwa kamba, mama alitoka amejiegemeza kwenye fimbo, akasimama mlangoni.

"Pitisha unapotaka," alisema, "lakini mbali na baba yako. Na huo mfuniko wako sitaki kuuona pale. Nikienda kumwombea dua nisimame nikitazama mfuniko wa choo?"

Nikasema sawa, mama.

Sasa nieleze jinsi mafundi wa kwetu tunavyofanya, maana kosa langu limo humo. Bomba ukitaka kuliunga na jingine unanunua soketi, unapaka gundi, unachomeka. Ukitaka kulipinda unanunua elbo. Elbo ya kona kali ipo kila duka Kilosa. Ile ya kupinda taratibu, inayofaa maji taka, siku ile haikuwepo, ilikuwa ya kufuata Morogoro. Fundi wa kwetu hafungi safari ya Morogoro kwa ajili ya elbo. Anawasha magunzi ya mahindi, anazungusha ncha ya bomba juu ya moto mpaka ilegee, anaisukumia bomba baridi, inapanuka mdomo, anamwagia maji. Tayari ana soketi, bila senti. Akitaka kona, analijaza bomba mchanga mkavu lisijikunje, analipasha, analipinda kwenye goti. Chuoni mwalimu wetu akikukuta na magunzi alikuwa anakufukuza karakana. Plastiki iliyopitia moto inakuwa nyembamba hasa pale inapotakiwa kuwa nene, na mdomo wake hauwi duara kamili. Nilikuwa najua. Nimewahi kumfokea fundi mwenzangu Mikumi kwa jambo hilohilo, mbele ya watu.

Lakini mama alikuwa amesharudi nyumbani, anachechemea hadi nyuma ya jiko mara nne kwa siku, na kila akirudi natazama bandeji. Sikutaka kupoteza hata siku moja. Halafu, niseme ukweli, kulikuwa na kujionyesha. Majirani walikuja kutazama. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa ameshuka kutoka Lumuma kuja kumjulia hali shemeji yake. Aliponiona nalipinda bomba kwenye goti likatii, alisema kumbe chuo hakikunipotezea muda. Niliwasha magunzi kwa furaha. Nilipinda vipande vitatu nikavizungusha kwa mbali, kama mtu mwenye adabu anavyowapita pembeni waliokaa mkekani. Gundi ilikuwa imebaki kidogo kwenye kopo. Niliitumia yote ndani ya nyumba, na kule nje nikajiambia midomo ile niliyoipanua kwa moto imebana vya kutosha.

Nikafukia. Miaka miwili choo kikafanya kazi bila kero.

Katika miaka hiyo miwili mwarobaini wa baba ulinenepa. Kiangazi, miti yote ya jirani ikipukutisha, wenyewe ulikuwa na majani mabichi yanayong'aa. Mama alifurahi mno. Aliniambia kwenye simu, si mara moja, kwamba baba yangu amepumzika pema, na dalili ni ule mti. Alichuma majani yake, akayachemsha, akaoshea kidonda. Mimi fundi bomba mwenye cheti, niliyetakiwa kujua mti unakunywa wapi wakati hakuna mvua, niliitikia: kweli mama, ni dalili.

Nirudi kwenye ile asubuhi. Nilitoka mtaroni nikamwambia mwenye gesti naondoka. Akaniuliza namwachiaje shimo wazi na wageni wanaingia jioni. Nikamjibu wageni wake wana miguu yote miwili, wataruka. Si jibu la kumpa mteja, na hajaniita tena mpaka leo. Nilipata gari la Kilosa, nikakaa mbele, na njia nzima nilikuwa nachora kichwani lile bomba, kipande kwa kipande, nikitafuta pa kuzibulia. Hapakuwepo. Nilikuwa nimeacha chemba ili mama asione mfuniko.

Nilifika mchana. Harufu nilikutana nayo kabla ya mlango. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyetulea sote mtaani, alikuwa anasukuma maji nje kwa ufagio, kanga ameifunga puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia, ukamwone. Hataki kutoka."

Mama alikuwa ameketi kitandani, mguu wa kushoto juu ya kigoda, mfuko wa plastiki umefungwa kwa mpira kwenye kifundo. Chini ya kigoda maji yalikuwa yamesimama, ya rangi ya chai. Nilimwambia tuhamie kwa jirani. Akakataa. Choo cha jirani ni cha kuchuchumaa, atakwenda kule akajisaidie kwenye ndoo mbele ya watoto wa watu? Nikasema basi turudi hospitali wakulaze mpaka nimalize. Akasema hospitali wanalazwa wagonjwa, na yeye leo hajambo. Nilipandisha sauti. Akaniangalia tu, kama alivyokuwa ananiangalia nikiwa darasa la pili, nikatoka nje.

Nilifungua karo. Kulikuwa kukavu, hakuna kilichofika kwa siku nyingi. Kwa hiyo kizibo kilikuwa katikati, kule nilikopinda. Niliingiza ufito wa mwanzi kutoka upande wa karo, ukaenda mpaka kwenye kona ukagoma. Niliingiza mpira mgumu kutoka chooni, nao ukagoma. Nilisukuma mpaka viganja vikachubuka. Pande zote mbili nilikuwa nagusa kitu laini kinachokubali kidogo halafu kinarudisha.

Nilichukua jembe. Kama ingekuwa gesti ningechimba saa ileile na jioni watu wangekuwa wanaoga. Lakini jirani aliniona nimeelekea kaburini na jembe, akanishika mkono. Mwanamke kuchimba karibu na kaburi, na mwenye kaburi ana mdogo wake yu hai, hajaulizwa? Watu watasema nini? Mama naye akaita kutoka ndani: mpigie baba yako mdogo kwanza.

Nikampigia. Lumuma mtandao unakuja ukipenda. Nilipiga mchana kutwa, nikatuma ujumbe, nikampigia mwenye duka wa kule akaahidi atamtuma mtu. Na hapa ndipo ninapojichukia kuliko hata kwenye yale magunzi. Nilikaa. Nilikaa na jembe langu ukutani, hatua kumi kutoka kwenye kizibo, nikasubiri ruhusa. Niliteka maji kwa kopo kutoka sakafuni, nikamwaga nje, yakapungua. Niliwakataza mama na jirani wasimwage hata tone chooni. Tulimwekea mama ndoo chumbani, akainunia. Hata hivyo karo halipokei, bomba limejaa, na hata maji kidogo ya kunawa yalirudi polepole kutoka kwenye tundu la bafu. Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita.

Alfajiri ya siku ya tatu nilisinzia kidogo kwenye kiti. Nilishtuliwa na sauti ya maji kwenye kopo. Mama alikuwa ameteremka kitandani kwenda kutia udhu. Mfuko wa plastiki alikuwa ameuvua, na bandeji pia, maana hawezi kusimama mbele ya Mungu wake amevaa rambo mguuni. Alikuwa amesimama bafuni, miguu mitupu yote miwili ndani ya maji yale.

"Mama!"

"Nimechukua maji safi ya ndoo," alisema. "Ya juu ni safi."

Nilimbeba. Sikuwahi kumbeba mama yangu kabla, na sikujua kwamba ni mwepesi hivyo. Nilimwosha unyayo kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikarudia, nikarudia tena, nikimwomba Mungu kwa sauti kama mwendawazimu. Mama alikuwa ananitazama. Alisema pole mwanangu, hauumi. Kutoumia ndiko daktari alikokuwa anakuogopa.

Baba mdogo alifika asubuhi hiyohiyo, amepata ujumbe usiku akapanda gari la kwanza. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kaburini, akanyanyua mikono akamwombea kaka yake. Kisha akanigeukia.

"Kwa nini hukuchimba?" aliniuliza.

"Nilikuwa nasubiri wewe, baba."

"Mtu anaomba ruhusa kuzima moto?"

Nilitamani anipige. Alichukua jembe akataka kuanza mwenyewe, kifua kikambana kwa kikohozi, nikampokonya. Akasimama pembeni akisoma taratibu, na mimi nikachimba, hatua chache kutoka kwa baba.

Udongo wa juu ulikuwa mkavu. Kiasi cha goti ukaanza kuwa mweusi, ukawa tope, ukanuka. Nilipofika kwenye bomba nililiona halikupasuka popote. Ile midomo ya moto, yote mitatu, ilikuwa imefunguka kidogo, nafasi ya kuingiza ukucha. Kila ufa ulikuwa na mzizi. Nje ulikuwa mwembamba kama uzi. Nilikata bomba kwa msumeno, na ndani nikakuta ule uzi umefumuka ukajaza bomba zima, wekundu mtupu, nywele tupu, urefu wa mkono wangu. Niliuvuta ukatoka kama soksi iliyolowa. Niliufuata kwa macho hadi kwenye mwarobaini. Ulikuwa umesimama pale na majani yake yanayong'aa.

Kwa miaka miwili nilikuwa namwagilia kaburi la baba yangu uchafu wa choo. Nilikuwa nimepita mbali kwa heshima, kisha nikavuja kila siku.

"Ni mizizi tu," alisema baba mdogo, amechungulia mtaroni.

"Si mizizi, baba. Ni mimi."

Hakunielewa, au alinielewa akanistahi. Nilimtuma mtu Morogoro kwa bodaboda kufuata elbo mbili za kupinda taratibu. Safari hii nililipa bila kuuliza. Nilinyoosha mtaro wangu ukabaki na kona moja, nikatandika mchanga chini, nikapima mteremko kwa usawa wa maji ndani ya mpira. Nikalaza bomba jipya, kila mdomo wa soketi ukitazama juu maji yanakotoka, nikapaka gundi ndani na nje, nikashikilia kila muungo mpaka nihesabu sitini. Kwenye kona nikajenga chemba na mfuniko wa zege, nao ulionekana vizuri kabisa kutoka kaburini. Nikamwaga ndoo tano kwa mfululizo, nikakimbia hadi kwenye karo nikasikia zinaingia. Ilikuwa kazi nzuri. Mwalimu wangu asingepata pa kugunia.

Nilipoingia ndani kumwambia mama, vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimebadilika rangi.

Hospitali walifanya walivyoweza. Walisafisha, wakachoma sindano, wakasafisha tena. Daktari hakunikumbusha maneno yake, na ningependa angenikumbusha. Jioni moja aliniletea karatasi ya kusaini, nikasaini kwa mkono uleule wenye gundi chini ya kucha. Waliukata chini ya goti.

Mama alipozinduka vizuri, nilimwambia. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwa mafumbo, lakini maneno yakatoka moja kwa moja: mama, niliunga kwa moto, sikutia gundi, mti ukaingia, na nilipotakiwa kuchimba sikuchimba. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza kama mwarobaini nimeukata. Nikasema hapana, nimekata mizizi ya upande mmoja.

"Utakauka?"

"Sijui, mama."

Akageuzia uso ukutani. Kisha aliomba maji ya kunywa, nikampa. Hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza, na hadi leo sijapata ujasiri wa kumwuliza.

Kwetu kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Asubuhi iliyofuata nilikabidhiwa kifurushi cha kitambaa cheupe, kidogo, kizito kuliko nilivyodhani. Kazi ya kuzika ni ya wanaume, na wanaume wa msikitini walikuwa tayari, baba mdogo akiwa mbele yao. Mama akakataa. Alisema nichimbe mimi, ubavuni mwa baba, kwa sababu mimi ndiye ninayejua chini ya pale kuna nini. Baba mdogo alinitazama, akatikisa kichwa kukubali.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni mwa wodi, kifurushi kifuani, mama aliponiita tena. Nikarudi hadi kitandani. Alinishika kiwiko, akanivuta niiname, kama anavyofanya akitaka wengine wasisikie.

"Lakini mwanangu," alisema, "mbali na bomba lako."

Nikasema sawa, mama. Nyumbani nilisimama kwenye mfuniko wa chemba, nikahesabu hatua nne kuelekea upande wa pili wa baba. Nikaongeza ya tano, kisha nikaanza kuchimba.